Mshale Uliolala

Fundi hakuwa anasalimia mtu kabla ya kusalimia gari. Ukifika kwake na gari inayokohoa, wewe mwenyewe ungebaki umenyoosha mkono hewani, na yeye angepita kando yako, aweke kiganja juu ya boneti, anyamaze. Baadaye ndipo angekugeukia. "Umeitesa tangu lini?" Hiyo ndiyo ilikuwa habari yako ya asubuhi.

Nilimjua tangu nikiwa darasa la nne. Gereji yake ilitazamana na duka la baba yangu pale senta yetu, kwenye barabara inayoshuka kutoka Kericho kwenda upande wa Litein, majani chai kushoto na kulia mpaka macho yachoke. Alizaliwa wapi, ukoo gani, waulizeni wengine. Mimi nataka kuandika alivyofanya kazi na alivyosema, kwa sababu tangu afunge gereji akarudi kwao, wanaume wa hapa wamemgeuza nabii. Ukipita stegi ya matatu ni Fundi alisema hivi, Fundi alisema vile. Mimi nina hasira. Nimekuwa nayo tangu mwaka jana na haijaisha, kwa hivyo kama unataka maneno matamu, tafuta mtu mwingine akuandikie.

Mbele ya gereji kulikuwa na kiti cha lori kilichong'olewa, kirefu, cha kukaa watu wanne. Hapo ndipo wanaume walikaa kubishana juu ya magari. Wengine hawakuwa na gari hata ya mkokoteni. Nilipokuwa msichana mama alikuwa ananituma nimpelekee Fundi chai ya saa nne, na nilikuwa nachelewa kurudi makusudi, kwa sababu yale mabishano yalinoga kuliko redio.

"Ya Mjerumani," Mwalimu angesema. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na gari yake ilikaa gereji siku nyingi kuliko barabarani. "Ukikanyaga, inakusukuma mgongo kwa kiti. Hiyo ndiyo injini."

"Na ikikataa," Fundi angejibu akiwa chini ya gari nyingine, miguu tu ndiyo inaonekana, "inakusukuma mpaka Nairobi kutafuta spea."

"Nyinyi mnaongea nini?" Huyo ni Wa Maziwa, anayekusanya maziwa na pikapu. "Mjapani peke yake. Pikapu yangu imebeba mikebe tangu kijana wangu ananyonya, sahii ako form two, na injini haijafunguliwa hata siku moja."

"Haijafunguliwa kwa sababu unaogopa utakachokuta ndani."

"Wacha madharau, Fundi!"

"Si madharau. Kila asubuhi inapita hapa ikinilalamikia. Naisikia nikipiga mswaki."

Wangecheka mpaka Mwalimu atoe kitambaa ajifute macho. Fundi mwenyewe hakucheka. Sijui kama niliwahi kuona meno yake yote.

Alikuwa na maoni yake na hayakuwa ya kuombwa. Mtu akimwambia gari fulani inakimbia, alisema kila kitu kinakimbia ukikisukuma mlimani, aambiwe inasimama vipi. Zile gari ndogo za gia ya mkanda, zinazopanda bila kubadilisha sauti, alikataa kuzigusa. "Hiyo ni gia ya kwenda kanisani," alisema, "na kanisa lenyewe liwe tambarare." Usingemhesabia cc za injini. Alitaka kujua gari yako ilipanda kilima cha daraja na watu wangapi, mvua ikinyesha, na ulianzia gia ya ngapi. Mtu mmoja alileta gari aweke spika kubwa, Fundi akatembea pande zote nne, akarudi akamwambia, "Unaweka redio na tairi zote ziko na upara? Unataka watu wasikie wimbo gani ukiingia mtoni?"

Alinawa mikono kabla ya kushika injini. Kabla, si baada. Baada, alijifuta tu na kitambaa. Ovaroli yake ilikuwa na viraka mpaka huwezi kujua ilianza na rangi gani, lakini spana zake zilipangwa kwa ukubwa kama watoto wa paredi, na ukiazima moja ukairudisha mahali si pake, hutaazima tena. Jumamosi hangeshika spana hata gari ya chifu ikizimika mlangoni pake. Chifu alijaribu. Alingoja mpaka Jumapili.

Cha ajabu zaidi ni mwiko. Fundi alisikiliza injini na mwiko wa ugali. Alikuwa anaweka ile sehemu pana juu ya chuma, na ncha ya mpini kwenye tundu la sikio, halafu anafumba macho. Ukiongea akiwa hivyo, anazima gari, anaenda kukaa. Nakumbuka dereva mmoja aliyeleta lori kutoka Kericho, karibu alie. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamemwambia injini imekufa, ni ya kubadilisha yote. Fundi alisikiliza hapa, akasikiliza pale, dakika mbili hivi, akatoa mwiko sikioni.

"Injini yako ni nzima. Ni bearingi ya altaneta inalia. Nenda unywe chai urudi."

Na ilikuwa hivyo. Nilikuwa pale na birika mkononi. Unaelewa sasa kwa nini mtu kama huyo akisema kitu hakuna anayeuliza mara mbili. Hata mimi sikuuliza.

Na usifikiri hakujali watu. Hapo ndipo ananichanganya. Hapa kwetu madereva wengi wakifika kileleni wanaweka gia free, gari iteremke yenyewe, ati wanaokoa mafuta. Breki zinashika moto, zinakataa, na majani chai yanapokea. Fundi alichukia hiyo tabia kuliko dhambi yoyote. Teremka na gia uliyopandia, ndivyo alivyofundisha, mpaka sisi watoto tulikuwa tunaimba tukiruka kamba. Siku moja alimwona dereva wa lori la majani akishuka free mpaka mbele ya gereji, akasimama hapo. Alimwendea polepole, akaingiza mkono dirishani, akachomoa funguo, akazirusha katikati ya shamba la chai.

"Tafuta," akamwambia. "Ukizipata, utaniambia umeokoa mafuta ngapi."

Yule dereva alitafuta mpaka saa nane mchana, viatu vimejaa matope, na kiti cha lori kizima kikimwelekeza. "Songa kushoto! Hapana, ule mti mwingine!"

Na mimi mwenyewe alinisaidia. Siwezi kuandika nikaficha hiyo. Uchungu wa kumzaa binti yangu Chebet ulinishika saa tisa mchana, mwezi wa nne, mvua ya kwetu ile isiyoomba ruhusa. Mume wangu alikuwa kazini Nakuru, bado yuko huko. Baba alikimbia ng'ambo ya barabara, na Fundi akatoka akiwa amevaa gamubuti moja tu, akachukua pikapu ya Wa Maziwa iliyokuwa imeletwa sevisi, akaniweka mbele. Njia yote mpaka hospitali alishika usukani kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anapanguza kioo na kofia yake. Kioo kinajaa ukungu, anapanguza. Kinajaa tena, anapanguza tena. Mimi nalia, yeye anasema, "Pole, msichana wangu, tumefika," na hatujafika hata nusu. Chebet alizaliwa dakika ishirini baada ya mimi kuteremshwa.

Miaka saba nilimshukuru huyo mtu. Kila nikimpita nilikuwa nasimama.

Sasa nieleze kitu kimoja, maana bila hicho hutaelewa hasira yangu. Ndani ya injini, pale maji yanapotoka kwenda kupoa kwa rejeta, kuna kifuniko kidogo cha chuma kinachoitwa themostati. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yabaki ndani yapate moto. Yakipata moto kinafungua. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Fundi alikuwa anaitoa. Kila gari iliyokanyaga gereji yake, hata kama imekuja kuwekewa balbu, alifungua akaitoa akaitupa. "Hiyo ni ya theluji ya kwao," alisema. "Hapa ni ya kukuchemshia injini tu."

Na wanaume walipenda hiyo kitu! Kwa dashibodi kuna mshale wa joto. Gari isiyo na themostati, mshale wake unalala chini siku nzima, na kwa wanaume wa senta yetu mshale uliolala ulikuwa kama cheti. Niliwasikia mara ngapi wakijisifu. "Mimi nimetoka Chebunyo na ng'ombe wawili nyuma, jua la huko unalijua, nikapanda mpaka hapa, na mshale haujatingishika. Umelala fofofo!" Wa Maziwa alilalamika pikapu inakunywa mafuta kuliko zamani, inanguruma asubuhi mpaka majirani wanaamka. Hakuna aliyeunganisha hayo na themostati. Mshale umelala, mengine ni ya Mungu.

Lakini hita ya gari inatoa joto lake kwa hayo maji ya injini. Maji yakiwa baridi, hita inapuliza baridi. Na sisi hatukai Mombasa. Mwezi wa saba hapa asubuhi unatoa pumzi unaiona, ukungu umelalia chai mpaka saa tatu. Mimi fizikia nilipata D. Lakini D inatosha kujua pumzi ya watoto kumi na watatu inaenda wapi ikikutana na kioo baridi.

Van ya shule ilikuwa ya Barasa, yeye mwenyewe dereva. Ni mtu mpole, hajawahi kupiga mtoto kelele. Asubuhi moja ya mwezi huo wa saba, mwaka jana, Chebet na wenzake wakiwa ndani, alikuwa anateremka kilima cha daraja na gia ya pili, kama alivyofundishwa. Kioo kikajaa. Akapanguza na sweta. Kikajaa. Akainama apanguze tena, na kona haikumngoja. Van ikaingia kwenye chai, ikalala kwa ubavu juu ya miti. Chai ndiyo iliyowashika. Mita kumi mbele ni mto.

Hakuna aliyekufa. Watu waliimba. Pasta alikuja. Chebet wangu alivunjika mtulinga, mfupa huu wa bega, na alikuwa analala amekaa wiki mbili, akigeuka analia. Polisi waliandika ukungu. Barasa aliandikwa kuwa alijitahidi. Kila mtu aliridhika na ukungu.

Chebet ndiye aliyeniambia, nikimlisha uji. "Mama, Anko Barasa alikuwa anapanguza sana. Tulimwambia aweke joto, akasema joto haliko."

Nilienda kwa Barasa. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake.

"Hita yako ina nini?"

"Haifanyi kazi, Mama Chebet. Tangu Fundi atoe ile kitu."

"Si urudishe ile kitu!"

"Mimi ni dereva, si fundi." Aliangalia chini. "Yeye akisema irudi, hata leo naiweka. Akisema hapana, nikiweka na injini ichemke na watoto ndani? Nitamwambia nani?"

Van ilikuwa gereji ikinyooshwa bodi. Ingerudi barabarani Jumatatu ya wiki ya pili. Van nyingine hakuna huku kwetu, na shule iko kilomita sita, barabara ya malori ya majani, hakuna pa mtoto kukanyaga. Kwa hivyo mtoto wangu angerudi kukaa nyuma ya kioo kilekile, na neno la kuzuia hilo lilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja.

Nilivuka barabara siku hiyohiyo, nikaenda gereji. Sikusalimia.

"Fundi, rudisha themostati kwa van ya Barasa."

Kiti cha lori kizima kikageuka kuniangalia. Halafu Wa Maziwa akasema, "Themo nini? Mama Chebet, hata jina umelijulia wapi?"

"Kwa daktari aliyemfunga mtoto wangu bega," nikasema, ingawa ni uongo.

"Mama, pole na mtoto," Mwalimu akasema kwa ile sauti ya darasani. "Lakini ajali ni ajali. Ukungu ni wa Mungu. Injini waachie wenye injini. Sisi hatuingii jikoni kwako kukuonyesha chumvi."

"Ukungu ulikuwa ndani ya gari, Mwalimu! Ndani! Nje uliishia juu ya kilima, muulize Barasa. Kioo kiliziba kwa ndani."

"Haiya," akasema mwingine, "sasa tuko na fundi wawili senta."

Wakacheka. Mimi nilikuwa namwangalia Fundi. Alikuwa anafunga nati, polepole, kama nati hiyo haina mwisho. Akasema tu, "Mtoto anaendeleaje?"

"Njoo umuone," nikamwambia. Nikaondoka kabla hawajaona nikilia, maana nikikasirika mimi hulia, na wanaume hufikiri ni huzuni.

Hakuja.

Alhamisi kabla ya hiyo Jumatatu nilikuwa nampeleka Chebet Kericho aangaliwe bega. Saa moja asubuhi, tumesimama kando ya barabara, mtoto amefungwa mkono kifuani, meno yanagongana. Ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuona duka la baba. Gari ikatoka humo polepole, nyeupe, ndefu nyuma, ya zamani, inang'aa. Ilikuwa gari ya Fundi mwenyewe. Ilikuwa inakaa chini ya turubai wiki nzima, inatoka Jumamosi kwenda kanisani, inarudi. Sikuwahi kumwona mtu mwingine ndani yake. Siku hiyo alikuwa anaenda mjini kutafuta spea.

Alisimama, akafungua mlango. "Ingieni."

Sikutaka. Naapa sikutaka. Lakini Chebet alikuwa ameshakuwa wa buluu midomo, tukaingia nyuma sisi wawili.

Tulienda labda kilomita moja. Halafu mtoto akavua kofia. Akasema, "Mama, hapa kuna joto kama jikoni."

Niliangalia kioo cha mbele. Kilikuwa safi kabisa. Nje hakuna kitu ila weupe, na kioo kama kimeoshwa sasa hivi. Nikanyoosha shingo nikaangalia dashibodi. Mshale ulikuwa umesimama katikati.

"Fundi."

"Mm."

"Hita yako inafanya."

"Inafanya."

"Kwa nini inafanya?"

Alibadilisha gia, tukaanza kuteremka. Alijibu kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani. "Kwa sababu iko na themostati."

Nilishika goti la Chebet nisije nikamshika Fundi shingo.

"Umetoa za watu wangapi?"

"Sijui. Wengi."

"Na yako ukaacha."

"Wewe unajua watu wa hapa wanaweka nini kwa rejeta?" Sauti yake ilipanda kidogo, mara ya kwanza kuisikia hivyo. "Maji ya mto. Na matope yake. Hiyo kitu inashika kutu, inajifunga, injini inachemka, silinda hedi inapinda, halafu wanakuja kwangu, Fundi umeniharibia gari. Mimi naweka kolanti, ile dawa ya rejeta, kila mwaka. Yangu haiwezi kujifunga."

"Si ungewaambia waweke kolanti?"

Alikata kona kwanza.

"Nilianzia kazi Siongiroi. Joto la huko, malori ya ng'ombe yanachemka kila siku. Nikatoa moja, ikaacha kuchemka. Nikatoa ya pili. Watu wakasema, huyu ndiye fundi. Nilipopanda huku kwa baridi, jina lilikuwa limenitangulia. Mtu anafika anasema, Fundi, nitolee ile kitu. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Fundi akianza kurudisha maneno yake, nani atamletea gari?"

"Hukufikiria kioo?"

"Nilifikiria injini. Mimi husikiliza injini."

"Siku ile ulinipeleka kumzaa huyu," nikasema, "ulipanguza kioo na kofia mpaka hospitali. Hata hapo hukufikiria?"

Alimwangalia Chebet kwa kile kioo kidogo cha juu. "Hapo nilikuwa nakusikiliza wewe."

Ningependa kusema nililainika. Sikulainika. Nilimwambia yote, mbele ya mtoto, kwamba miti ya chai ndiyo iliyookoa watoto, si yeye, kwamba angekuwa sasa anazika watoto kumi na watatu na mwiko wake sikioni. Nikamwambia nataka mambo mawili, airudishe ile kitu kwa van kabla ya Jumatatu, na asimame mbele ya kile kiti cha lori aseme alikosea.

"Nitairudisha," akasema.

"Na la pili?"

Alisimamisha gari kwenye lango la hospitali. Alimteremsha Chebet kwa kumbeba upande wa bega zima, taratibu, kama anabeba kioo. Mimi hakuniangalia.

Ijumaa alasiri, maana Jumamosi hashiki spana, nilisikia boneti ya van ikifunguliwa nikavuka barabara na Chebet. Kiti cha lori kilikuwa kimejaa. Barasa alikuwa amesimama na dumu la kolanti amelikumbatia. Fundi alinawa mikono, akafungua ile paipu ya juu ya injini, akatoa kwenye boksi kile kifuniko cha chuma, kipya, kinang'aa.

Mwalimu akainuka. "Fundi! Ni nini hiyo unaweka? Si ndiyo ile ile?"

Hapa ndipo nilingoja aseme alikosea. Fundi alikishika kile kifuniko kwa vidole viwili, akakiinua wote wakione.

"Ile ilikuwa ya theluji," akasema. "Hii imetoka sasa. Imetengenezewa Afrika."

"Ya Afrika?"

"Inajua baridi ya Kericho, inajua na joto la Chebunyo. Mshale utasimama katikati. Ukisimama katikati, jua injini imeshiba."

Nilimwona Wa Maziwa akifikiria pikapu yake, mafuta inayokunywa.

"Na mafuta?"

"Itakunywa kidogo."

"Basi niwekee na mimi! Kesho... hapana, kesho ni Jumamosi. Jumapili."

"Nitaweka. Lakini hii haitaki maji ya mto. Ukiweka maji ya mto, usirudi kwangu."

"Na mimi Fundi, andika jina," akasema Mwalimu. "Mjerumani wangu ndiye anaihitaji zaidi."

Nilifungua mdomo. Ya Afrika! Ni kitu kilekile, kutoka duka lilelile, kile alichokuwa anatupa miaka yote. Fundi aliniangalia, mara moja tu, moja kwa moja. Hakunisihi. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja injini iseme.

Nikahesabu magari ya senta yetu, na ya barabara mpaka Litein, na mama wajawazito watakaopanda mbele ya pikapu za maziwa, na watoto. Nikisema ukweli, watacheka tena, Mwalimu ataleta chumvi yake ya jikoni, na kila mmoja atabaki na mshale wake uliolala ili kunionyesha mimi. Nikinyamaza, vioo vyote vitakuwa safi kabla ya mvua, na Fundi atabaki Fundi.

Nilifunga mdomo. Uchungu wa kuzaa ninaujua. Huu ulikuwa wa kumeza, si wa kutoa.

Barasa akawasha. Tulingoja. Kidogo kidogo mshale ukainuka, ukafika katikati, ukakaa. Barasa akafungua hita akaniita kwa mkono. "Mama Chebet, weka hapa." Nikaweka kiganja kwenye kile kidirisha cha plastiki. Ulitoka upepo baridi, halafu wa uvuguvugu, halafu joto. Nikamwinua Chebet naye aweke mkono wake mzima. Akacheka.

Wanaume walikuwa wamezunguka boneti wote, wanabishana kama Mjapani au Mjerumani ndiye amegundua ya Afrika. Fundi alijitoa kati yao akaja upande wetu, anajifuta na kitambaa.

"Umeridhika, Mama Chebet?"

"Sijaridhika."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Alisimama pale na kitambaa chake, na nilijua anangojea nini. Nilikuwa na neno asante na nilikuwa na neno mwongo, yote mawili ni yake na yote mawili ni ya haki. Nikamshika Chebet mkono mzima, nikavuka barabara bila kumpa hata moja.